Miti ya Kiwanja Chetu na Jengo Jipya: Somo kwa Kamati ya Ujenzi na Waumini Wote



Toleo lililopita tuliahidi kwamba somo la mara hii litahusu ukumbi mpya na madarasa ya watoto. Wengi wamedhani tutasema habari za michango. La, michango ina mahali pake, na Mweka Hazina hachoki kutukumbusha. Leo twataka kusema habari za miti 14 iliyo katika kiwanja ambacho jengo hilo litasimama. Ramani ya kwanza iliyoletwa mbele ya kamati inaonyesha vyumba, milango, choo na shimo lake, lakini haina mti hata mmoja. Ukiitazama utadhani kiwanja chetu ni kitupu kama meza iliyofutwa.

Twaanza na kosa letu wenyewe. Tulipojenga nyumba ya Padre tulikubaliana sote kwamba mwembe uliokuwa upande wa jikoni usikatwe. Tuliwaambia mafundi, nao wakatii. Hakuna aliyeugusa kwa shoka. Lakini kwa kuwa mwembe ule ulikuwa na kivuli kizuri, saruji ilipangwa chini yake, zege likakorogwa chini yake, na lori la mchanga likageuzia hapo hapo kila lilipokuja. Mtaro wa maji machafu ulipita hatua mbili tu kutoka shinani, kwa sababu ndiyo njia fupi. Kazi ilipokwisha tulimshukuru Mungu kwamba nyumba imepatikana na mwembe umebaki.

Mwaka uliofuata mwembe ule ulitoa maua mengi kuliko wakati wowote, hata watu wakasema umebarikiwa. Hatukujua kwamba mti wenye dhiki mara nyingine hufanya hivyo. Mwaka wa pili majani yalikuwa madogo, na matawi ya juu kabisa yakabaki vijiti. Mwaka wa tatu tawi nene lilianguka usiku juu ya benchi ambalo watoto wa Shule ya Jumapili hukalia. Lilianguka usiku wa Jumamosi. Lingengoja saa tisa nyingine, tungekuwa na habari nyingine ya kuandika katika gazeti hili.

Basi, mwembe ule tuliuua sisi, na tuliuua huku tukisema tunautunza. Ndiyo sababu ya somo hili.

MTI HULA WAPI

Kosa letu lilitokana na kudhani kwamba mti ni shina na matawi, na kwamba mizizi imekwenda chini moja kwa moja, mbali na miguu yetu. Baadhi ya miti ina mzizi mkuu uendao chini, lakini mizizi mingi ya mti mkubwa imo katika udongo wa juu, kina cha sentimeta 60 hivi, na ile midogo kama nyuzi, ambayo ndiyo inayokunywa maji, iko juu zaidi ya hapo. Nayo haiishii pale kivuli kinapoishia. Huenda mbali kupita matawi, mara nyingi mbali sana.

Mizizi hiyo huvuta hewa. Udongo mzuri una nafasi ndogo ndogo ambamo hewa na maji hupita. Lori likipita mara chache tu wakati wa mvua, nafasi hizo hufungwa, na udongo huwa kama sakafu. Kadhalika ukimwaga kifusi juu ya mizizi, hata kwa kimo cha kiganja kimoja, waweza kuuziba pumzi. Maji ya kuoshea toroli na karai zenye zege yana ukali wa chokaa, nayo huunguza mizizi na kubadili udongo. Mafuta ya gari pia ni sumu. Moto wa kuchemshia chai ya vibarua, ukiwashwa mahali pamoja kila siku karibu na shina, hupika gome upande ule, na chini ya gome ndimo chakula cha mti kinamopita.

Jambo gumu ni kwamba mti haufi siku ile. Mbuzi akikatwa mguu ataanguka mbele yako. Mti utaishi kwa akiba yake miaka miwili, mitano, au zaidi, na siku utakapokauka fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake, na hakuna anayekumbuka mtaro.

MAANDIKO YASEMAJE

Wako wanaosema kwamba Mkristo asikate mti kamwe, na wako wasemao kwamba nyumba ya Mungu ni kubwa kuliko mti, kwa hiyo mti uondoke. Twaomba pande zote mbili zisome 2 Wafalme 6:1-7. Wana wa manabii walimwambia Elisha kwamba mahali wanapokaa pamewabana, wakaomba waende Yordani wakakate miti wajijengee. Hali yao ilikuwa kama yetu hasa: jengo dogo na watu wengi. Elisha hakuwakataza. Lakini alipoombwa kwenda nao, alikwenda. Hakubaki nyumbani akisubiri kuletewa habari. Sisi twaona hapo jambo la kuwafaa wazee wa kanisa, ambao mara nyingi hukubali mambo mezani, na kazi ikaendelea bila wao kuonekana kiwanjani.

Kisha fungueni Kumbukumbu la Torati 20:19-20. Hapo jeshi linalouzingira mji linakatazwa kuiangusha miti ya matunda, ijapokuwa ni vita na mbao zinahitajiwa. Bali miti inayojulikana kuwa si ya chakula yaweza kukatwa. Angalieni: askari anaagizwa kuutambua mti kwanza, ndipo anyanyue shoka. Kama mtu aliye vitani amepewa kazi hiyo, kamati ya ujenzi isiyo na adui yeyote itajitetea vipi?

KUTAZAMA MTI MMOJA MMOJA

Katika nchi ya Uingereza, Shirika la Viwango lilitoa mwaka 1980 mwongozo wa miti katika maeneo ya ujenzi, na mwongozo huo umetengenezwa upya mara kadhaa. Twautumia hapa kama ulivyoandikwa katika toleo la mwaka 2012, si kwa sababu miti yao ni kama yetu, bali kwa sababu mpango wake ni mzuri: miti hupimwa kwanza, ramani hufuata. Sisi tulifanya kinyume.

Kila mti hupewa namba, na kuandikwa aina yake, kimo chake, unene wake, jinsi matawi yalivyoenea kila upande wa dunia, na afya yake. Kisha huwekwa katika mafungu manne. La kwanza ni miti bora, inayotazamiwa kuishi miaka 40 au zaidi. La pili ni miti mizuri yenye kasoro kidogo, miaka 20 au zaidi. La tatu ni miti ya kawaida, miaka 10 au zaidi, pamoja na michanga ambayo shina halijafika sentimeta 15 kwa upana. La nne ni miti ambayo haitafika miaka 10, ama kwa ugonjwa ama kwa kuoza. Ramani hupaswa kuipisha miti ya fungu la kwanza na la pili. Ile ya fungu la tatu haizuii jengo. Ya fungu la nne huondolewa, isipokuwa kuna sababu ya kuiacha.

Hatukusubiri mtaalamu wa mbali. Bwana Miti wa wilaya alikuja asubuhi moja, tukazunguka naye. Alianza chini: je, udongo umeinuka upande mmoja wa shina, kama kwamba mti unataka kung'oka? Je, kuna uyoga shinani? Uyoga ule ni tunda la ugonjwa ulio ndani, hata kama majani ni ya kijani. Kisha aligonga shina kwa nyundo ya mti pande zote, akisikiliza. Kisha alirudi nyuma na kutazama juu: matawi makavu, nyufa mahali matawi mawili yanapoachana, majani kupungua kileleni. Hayo kila mmoja wetu aweza kuyaona akitaka. Mengine tuliyaona miaka yote tukiyapita kwenda ibadani.

KAMBA YA MZINGO

Sasa twaja kwenye kipimo ambacho twaomba kila mjumbe akijue kwa moyo. Mwongozo ule wasema: pima upana wa shina kwenye kimo cha mita moja na nusu, uzidishe mara 12; huo ndio umbali kutoka shinani ambao ardhi yake isiguswe kuzunguka mti wote, nao hauzidi mita 15 hata kwa mti mkubwa sana. Mti wenye upana wa sentimeta 70 wataka mita 8 na sentimeta 40 kila upande.

Asiyependa hesabu achukue kamba. Azungushie shina kwa kimo cha kifua, aikate pale inapokutana, kisha aipige ardhini mara nne kwenda mbele kutoka shinani. Atafika karibu sana na kipimo kile, na kuzidi kidogo, jambo ambalo halina hasara. Hapo achomeke kijiti, kisha afanye hivyo upande mwingine mpaka vijiti vizunguke mti. Tulipofanya hivyo kwenye mvule ulio karibu na lango, mzee mmoja alisimama penye kijiti cha mwisho akatazama shina kule lilipo, akasema, "Kumbe mti huu una shamba!" Hatujasikia maneno yanayoeleza vizuri kuliko hayo.

Kipimo hiki ni cha kuanzia tu. Mikuyu hutuma mizizi mbali zaidi. Minazi haiingii katika hesabu hii kabisa, maana shina la mnazi halinenepi mwaka kwa mwaka kama miti mingine. Na pale ambapo upande mmoja kuna mwamba au msingi wa zamani, mizizi imekwisha kwenda upande mwingine, na shamba la mti litafuata huko.

YALIYOONEKANA KIWANJANI

Mvule wa langoni una mzingo wa sentimeta 310, yaani upana wa karibu mita moja. Wataka mita 12 hivi kila upande. Ramani yetu imeweka ukuta wa ukumbi mita sita kutoka shinani. Kwa mti huu hatuna shaka: ni mzima, nyundo imelia vizuri, utaishi kuliko wajukuu wetu. Ni fungu la kwanza, na ukumbi usogee. Upande wa magharibi kuna mikaratusi mitano iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni, mitatu kati yake ina matawi makavu, nayo yote ni fungu la tatu au la nne. Ukumbi ukisogezwa saba au nane za mita kuelekea huko, mikaratusi itatoka na mvule utabaki. Mchora ramani amesema yawezekana, ila ngazi za mlangoni zitabadilika. Mafundi wakumbuke kung'oa visiki, maana mkaratusi uliokatwa bila kung'olewa huchipua tena.

Lakini jambo moja la kutahadhari. Udongo wa upande ule ni mweusi na mzito, ule unaopasuka wakati wa kiangazi. Mti mkubwa unaponyonya maji katika udongo wa namna hiyo, udongo husinyaa. Mti ukiondolewa, maji hurudi na udongo huvimba pole pole, tena kwa muda mrefu. Anayekata leo na kujenga kesho juu ya udongo huo aweza kuona nyufa ukutani asijue zimetoka wapi. Kwa hiyo mikaratusi ikatwe mapema, na fundi ajue ilikokuwa kabla hajaamua kina cha msingi.

Mfenesi ulio nyuma ya sakristia ni fungu la pili. Wengine wangependa uondoke kwa sababu ya ugomvi wa kila mwaka juu ya mafenesi. Huo si ugonjwa wa mti.

Sasa mkwaju. Tumechelewesha kuutaja kwa makusudi. Wote mnajua kwamba chini ya mkwaju ule wakatekumeni wa kwanza wa parishi hii walifundishwa, kabla hatujawa na jengo lolote, na wako wazee kati yetu ambao wazazi wao walikuwamo. Katika mkutano, mti uliotajwa kwa upendo kuliko yote ulikuwa huo, na ilisemwa kwamba chochote kikatwe, mkwaju usiguswe. Bwana Miti alipougonga, ulilia kama ngoma kuanzia chini hadi kimo cha mtu. Upande wa ukuta kuna uyoga, na tawi linaloelekea kwenye madarasa mapya lina ufa unaoingiza vidole. Ni fungu la nne.

Hatukufurahi kuandika maneno hayo. Lakini tukipima miti kwa haki, hatuwezi kukubali kipimo kinapotetea mvule na kukikataa kinapohukumu mkwaju. Na watoto watakaosoma katika madarasa hayo hawajui historia ya mti. Watakaa chini yake kwa sababu ya kivuli. Ziko njia mbili mbele ya kamati. Ya kwanza ni kuukata wote. Ya pili ni kupunguza matawi yake mpaka ubaki mfupi na mwepesi, kuuzungushia uzio ili mtu asikae chini yake, na kusogeza madarasa mbali kwa kadiri ya kimo chake. Njia ya pili itakula sehemu ya uwanja wa kuchezea, na Bwana Miti hakutuahidi kwamba mti utaishi muda mrefu. Sisi waandishi hatuafikiani. Ni vema wazee waliolelewa chini yake waseme kwanza.

UZIO, NA WAKATI WAKE

Miti ikisha kuchaguliwa, ulinzi wake ni uzio, nao usimame kabla tofali la kwanza halijashushwa, usiondolewe mpaka fundi wa mwisho ameondoka. Kule Uingereza hutumia mabomba ya chuma na wavu wa waya. Kwetu mirunda iliyochimbiwa vizuri na mabanzi yatatosha, kimo cha mita mbili, penye vijiti vile vya kamba. Kamba ya katani yenye vitambaa si uzio. Dereva wa lori ataivuka hata hajaiona. Ndani ya uzio pasiwekwe kokoto, nondo, saruji wala pikipiki ya msimamizi. Wala mtu asipigilie misumari ya kutundikia makoti.

Pale ambapo hapana budi kuingia ndani ya shamba la mti, kama kwa bomba la maji, kazi iwe ya mikono, si ya mtambo. Mzizi mwembamba kuliko sentimeta mbili na nusu waweza kukatwa kwa msumeno safi. Ulio mnene zaidi usikatwe kabla ya kuulizwa. Bomba lipitishwe chini yake, na mzizi ufunikwe kwa gunia bichi mpaka udongo urudishwe. Kama ukuta hauna pa kwenda, fundi aweza kutumia nguzo zilizochimbiwa mbalimbali na kuweka mkanda wa zege juu ya ardhi, badala ya mtaro mrefu unaokata kila kitu. Gharama yake ni kubwa kidogo. Haya yote yaandikwe katika mkataba, pamoja na fidia, maana maneno ya mdomoni yalitupa mwembe mkavu.

Tena, kabla ya mti wowote kuanguka, kibali kiulizwe. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ina miti isiyokatwa bila kibali hata ikiwa katika kiwanja cha mtu.

Yafaa pia kukumbuka yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Nairobi ilipokuwa ikijenga barabara ya kilometa 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mugumo mmoja mkubwa sana, mti wa jamii ya mikuyu, ulikuwa njiani kando ya Waiyaki Way. Watu walipiga kelele, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe, wajenzi wakaupisha. Ni habari njema. Lakini miti mingine mingi iliyokuwa kwenye njia ya barabara hiyo ilikatwa, nayo haikupata amri ya mtu yeyote. Mti ule uliokolewa siku za mwisho, kwa mkono wa mkuu wa nchi. Sisi hatuna rais wa kutuandikia amri kwa ajili ya mvule wetu. Tunayo ramani ambayo bado ni ya penseli.

KWA MAZUNGUMZO KATIKA VIKUNDI

Elisha alikwenda na watu wake mpaka Yordani. Katika parishi yetu ni nani atakayekuwa kiwanjani kila siku kuangalia uzio, na atapewa mamlaka gani juu ya fundi? Kama ngazi mpya za ukumbi zitaongeza gharama, je, tuko tayari kuchangia kwa ajili ya mti ambao hatukuupanda? Na kuhusu mkwaju, tungewaambia nini wazee, na wao wangetuambia nini?

Majibu ya vikundi yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano wa kamati. Jumamosi inayofuata baada ya kupata toleo hili, saa mbili asubuhi, tutapima miti sita iliyosalia. Vijana walete vijiti na panga, akina mama wa Umoja wameahidi uji. Atakaye na futikamba nzima aje nayo, maana ile ya parishi imekatika kwenye mita ya tatu.